Ugonjwa Uliokatazwa Jina

Walimleta mama mmoja juu ya pusi-pusi, kigari cha mkono cha kubebea magunia sokoni, amelazwa kwenye turubai na miguu ikining'inia nje. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote. Msukumaji hakutaka hata kutusaidia kumwinua.

"Dereva ya kamyo alimuacha kwa barabara," alisema akirudi nyuma. "Banasema anatoka Pweto, anauzisha samaki. Miye sijue kingine."

Nilikuwa muuguzi kijana katika idara ya dharura, ambayo sisi wote, wauguzi na wagonjwa, tuliiita irjansi. Nilikwisha kuona waliogongwa na magari, waliochomwa visu, watoto wenye homa ya kuwapotezea fahamu. Lakini uso wa mama yule ulinifanya nisimame. Macho yalikuwa yamezama ndani kabisa. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Nguo zake zilinuka samaki wakavu, na chini yake turubai lilikuwa limelowa maji meupe meupe, kama yale ya kuoshea mchele.

Msimamizi wetu wa wauguzi, tuliyemwita papa shefu, alikuwa mzee Mwislamu wa jamii ya watu waliotoka Maniema, mtaratibu, asiyepandisha sauti. Aliinama, akabana ngozi ya tumbo la mama yule kwa vidole viwili, akaachia. Ngozi ilibaki imesimama. Akanitazama.

"Funga mulango," aliniambia.

Tulimpeleka chumba cha nyuma, kilichokuwa cha kuwekea machela mabovu. Nilitafuta mshipa mkono wa kulia, sikuupata. Nikatafuta wa kushoto. Mishipa ilikuwa imekauka ndani ya nyama. Papa shefu alishika taa na kuniambia polepole, "Usikimbie. Unaona? Iko pale. Ingiza." Seramu, yale maji ya dripu, ilipoanza kudondoka, niliibana sindano kwa plasta.

Mama yule hakuwa amepoteza fahamu. Hilo ndilo lililonitesa. Kila alipojichafua alifumba macho na kugeuzia uso ukutani.

"Mutoto wangu," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "usiniangalie. Miye ni muntu mukubwa. Niko sawa na mama yako."

"Mama, hakuna haya hapa," nilimwambia. "Kazi yetu ni hii."

"Haya iko," alijibu. "Haya iko, mwanangu."

Basi nikafanya hivi: nilifungua kikwembe changu nilichokuwa nimejifunga juu ya nguo ya kazi, nikamfunika kuanzia kifuani, na kila nilipomsafisha nilipitisha mikono chini ya kitambaa bila kukiinua. Nilimuuliza habari za ziwa la kwao Pweto. Akaniambia jinsi wanavyopanga samaki juu ya moto mdogo wasiungue. Alizungumza kwa vipande, na mimi nilisafisha kwa vipande, na hakuna aliyetaja kilichokuwa kikiendelea.

Daktari alikuja, hakuchukua muda. Alitazama beseni chini ya kitanda, akatazama vidole vya mama, akasema neno lenyewe kwa sauti ya chini: "Kolera." Kisha akaenda ofisini kupiga simu. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alisimama mlangoni akifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

"Ni kuhara tu," alitueleza. "Kuhara ya kawaida. Ile neno ingine haitoki mu hii chumba. Mumenisikia?"

"Dokta," papa shefu aliuliza, "na bagonjwa bengine bakikuja?"

"Ni kuhara ya kawaida," daktari alirudia, akavaa miwani.

Sababu tuliijua wote. Sikukuu ya chama ilikuwa imekaribia, na wageni wakubwa walikuwa waje kutoka Kinshasa. Barabara zilikuwa zinafagiliwa, kuta zinapakwa chokaa, na kila mtaa ulikuwa na kikundi chake cha kuimba na kucheza kwa ajili ya kuwapokea. Hakuna aliyekuwa tayari kupeleka habari juu kwamba mji una kolera.

Mama wa Pweto, nguvu zilipomrudia kidogo, alinieleza safari yake. Kamyo ilikuwa imejaa watu juu ya mizigo. Njiani walikunywa maji ya mto mmoja. Kabla ya kuingia mjini wengine walikwisha kuanza kutapika, na dereva aliwashusha mmoja mmoja kila waliposhindwa kujizuia.

"Balishuka wapi, mama?"

"Bengine kule pori. Bengine hapa hapa." Alifikiri. "Kuko mwanaume alishuka Katuba. Alisema iko na dada yake kule."

Katuba ndiko nilikokuwa nikiishi, kwa mama mudogo, mdogo wake mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa msichana wa shule. Basi la jioni kutoka mjini lilinichosha siku hiyo kuliko kazi yenyewe. Niliposhuka nilisikia ngoma. Kikundi cha mtaa wetu kilikuwa kinafanya mazoezi uwanjani, na aliyekiongoza ni mama mudogo mwenyewe, mwenye sauti ambayo ungeitambua hata ukiwa mitaa mitatu mbali. Pembeni mwa uwanja kulikuwa na pipa la maji, na juu yake kikombe kimoja cha plastiki chekundu. Wachezaji walikuwa wanapokezana kile kikombe, wakicheka, wakikichovya tena.

Nilimvuta mama mudogo kando, nikamwambia yote.

Alinisikiliza akiwa bado anahema kwa kucheza. "Daktari alikukataza kusema?"

"Alikataza."

"Na weye unaniambia miye?"

"Ndiyo, mama."

Mama mudogo aligeukia uwanja. Kisha akaenda kwenye pipa, akalisukuma kwa mguu mpaka likaanguka, maji yakatapakaa kwenye udongo mwekundu. Wanawake wakapiga kelele.

"Kuanzia leo," aliwaambia, "kila muntu analeta mayi yake, na anaichemusha. Sitaki maulizo."

Lakini maulizo hayazuiliki, na habari ile ikatembea mtaa mzima. Siku chache baadaye wakaja wengine irjansi, mmoja baada ya mwingine, na wote walitoka Katuba. Mzee mmoja alikufa akiwa bado kwenye benchi la korido, ameegemea bega la mtoto wake wa kike kama anayesinzia. Tulimwondoa kimya kimya. Waliokuwa kwenye foleni waliona kila kitu. Walisogea tu, wakaacha nafasi tupu pale alipokuwa ameketi, na nafasi ile ikabaki tupu mpaka jioni.

Kesho yake alikuja mwanaume aliyevaa abakosi ya kijivu, lile koti lisilo na tai ambalo wakubwa wote walilivaa miaka ile. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, kitambaa cheupe puani.

"Sitwayeni gani anaishi Katuba?" aliuliza, kwa neno la Kifaransa la "mwananchi" ambalo serikali ilitaka tuitane.

"Ni miye, papa."

"Ni weye unatembeza maneno kule? Unatisha bantu na ugonjwa yenye haiko?"

Papa shefu aliweka chini chupa ya seramu. "Muheshimiwa, huyu ni mufanyakazi yangu. Kama kuko neno, uniulize miye."

"Sikukuongelesha, mzee."

Hapo mama wa Pweto aliinuka kwa kiwiko. Alikuwa bado amekonda vibaya, sauti yake ikiwa nyembamba kama uzi.

"Papa," alisema, "mbona unabaki kwa mulango? Ingia. Kama ugonjwa haiko, ingia, unisalimie na mukono."

Akaunyoosha mkono wake, ule uliokunjamana. Hata aliyekuwa anatapika kwenye kona alijizuia. Mwanaume wa abakosi alitazama mkono ule kwa muda mrefu. Hakuingia. Alirudi hatua moja, akanionyesha kwa kidole nimfuate.

Papa shefu alinifuata mpaka kwenye gari lake nje. "Tuko nakungojea," aliniambia.

Waliniketisha kwenye benchi nje ya ofisi moja mjini. Watu waliingia na kutoka. Mmoja alitoka akiwa ameshika viatu vyake mkononi, akapita mbele yangu bila kunitazama. Hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenisemesha. Nilikaa pale nikifikiria seramu zilizobaki na nani atazibadilisha. Nilifikiria pia kwamba mama mudogo hajui niliko. Mchana ulipita. Viganja vyangu vilinuka klori, dawa yetu ya kuulia vijidudu, na kila nilipovisogeza usoni nilipata nguvu kidogo.

Jua lilipoanza kuinama yule mwanaume aliniita ndani. Alifunga mlango mwenyewe, akafunga na dirisha. Nikajua sasa ndiyo sasa. Aliketi, akaweka mikono mezani, akaitazama.

"Mayi," alisema, "munachemusha mupaka wapi?"

Sikuelewa. Nilidhani ni mtego.

"Ninakuuliza, sitwayeni."

"Mupaka itokote sana, papa. Kisha munaifunika, inapoa ndani ya chungu ile ile."

"Na kama mutoto..." Alikohoa. "Kama kuko mutoto mudogo, na anatapika tangu asubui?"

Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Hakuwa mzee. Kola ya abakosi yake ilikuwa imelowa jasho.

"Umulete irjansi, papa. Leo. Sasa hii."

"Haiwezekane."

"Papa, mutoto anakauka mbio kuliko muntu mukubwa."

"Nimekuambia haiwezekane!" Alipiga meza, kisha akashusha sauti kana kwamba ameogopa kelele yake mwenyewe. "Uniambie nifanye nini kwa nyumba."

Nikamweleza. Maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi kidogo isiyopita ladha ya machozi, kijiko kwa kijiko hata kama anatapika, na mama yake asiache kumnyonyesha. Alirudia kila neno kwa midomo, kama mtoto anayejifunza sala. Kisha akafungua mlango.

"Hakuna kitu ulisema," aliniambia. "Na hakuna kitu nilikuuliza. Uende."

Sikumwona tena. Sijui kama mtoto yule aliishi. Mpaka leo nikimwona mwanaume wa umri aliokuwa nao siku ile amebeba mtoto mchanga, swali hilo hunirudia.

Sikukuu ilifika. Sisi wa zamu tuliisikia kutoka mbali: ngoma, filimbi, vifijo vilivyokuja na upepo na kupotea. Kulikuwa na jua kali sana. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa, na korido ilikuwa inaanza kujaa. Mama wa Pweto alikuwa amepona kiasi cha kusimama, lakini hakuondoka. Hakuwa na pa kwenda, na alisema ugonjwa ule umeshindwa kumla, basi hautamrudia. Alichukua kikombe na kijiko akawa anazunguka kitanda hadi kitanda, akiwanywesha wengine, akiwaambia, "Kunywa, ndugu yangu. Ni kidogo tu. Tena kidogo."

Siku ya pili baada ya sikukuu walimleta mama mudogo.

Baba mudogo, mume wake, alikuwa amembeba mgongoni. Mama mudogo alikuwa amevaa sare ya kikundi, kikwembe kipya cha chama chenye sura ya mkubwa wa nchi kifuani na mgongoni. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Tulichemusha," alinong'ona akinishika mkono. "Siku zote tulichemusha. Lakini siku ile, jua... Tulisimama tangu asubui. Balileta mayi na kamyo. Batoto balikuwa nalia na kiu, nikasema, tukunywe."

"Usiseme, mama. Pumzika."

Niliupata mshipa wake mara ya kwanza. Mikono yangu ilikuwa imekwisha kujifunza. Nilimsafisha chini ya kitambaa, kama nilivyomsafisha mama wa Pweto, naye mama wa Pweto akaketi kichwani pake na kijiko, asubuhi yote, bila kuchoka. Lakini moyo wake ulikuwa wa mtu aliyecheza kutwa juani na kukaa na ugonjwa siku nzima nyumbani kwa kuogopa kuonekana. Alasiri, papa shefu alishika kifundo cha mkono wake, akakaa hivyo, kisha akaulaza polepole juu ya kitanda.

Baba mudogo alilia kwa sauti korido nzima, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha.

Nguo za waliokufa kwa kolera tulizichoma nyuma ya pavilioni, jengo letu la wagonjwa. Ndiyo ilikuwa kanuni. Nilimvua mama mudogo kikwembe, nikakikunja, nikatoka nacho mpaka kwenye shimo la moto. Pale nikasimama. Sura ile ilikuwa inanitazama kutoka kwenye mikunjo. Kuichoma mbele ya watu lilikuwa jambo la kumpeleka mtu mahali pasipo na benchi la kungojea. Papa shefu alikuja akasimama kando yangu, naye akaitazama.

"Lete chungu," alisema mwishowe.

Tukateka maji, tukatia klori, tukawasha moto chini ya chungu kikubwa, tukaitumbukiza sare ya mama mudogo. Maji yalipotokota, sura ile ilipanda juu, ikazama, ikapanda tena, na mzee akaisukuma chini kwa fimbo. Tuliianika kwenye waya. Ilipokauka nilimkabidhi baba mudogo, kwa kuwa nguo nyingine za mkewe, alizozichafua akiugua nyumbani, zilikuwa zimekwisha kuchomwa.