Nililisha Wakwe Soda ya Kufulia kwa Sababu ya Ile "Mbili"

Wasomaji wangu, nianze kwa kulia au kwa kucheka? Sijui! Kosa ni langu. Si shetani, si jirani, ni minye na kiburi changu cha kujua kemia. Jina naficha, maana ningali naishi hapa Kalundu na watu wa bandari wameshanicheka vya kutosha.

Niko finaliste, mwaka wa mwisho wa sekondari, section ya kemia na biolojia. Nyumbani tunaishi na mama, dada yangu mkubwa, yaya Neema, na mama mukubwa, dada yake mama. Mama mukubwa hakusoma. Lakini mandazi yake! Wabeba mizigo walikuwa wanashusha gunia kutoka kwenye boti na kwenda moja kwa moja kwenye karai lake, hata jasho hawajafuta.

Sasa, nyumbani tulikuwa na unga mweupe wa aina mbili. Kuna bikarbonate, ile anatia kidogo kwenye mandazi na kwenye maharagi magumu. Na kuna soda ya kufulia, ile inayong'arisha mashuka. Mama mukubwa alizitambua kwa makopo. Bikarbonate ilikaa kwenye kopo la maziwa, soda kwenye ndoo ndogo ya kifuniko chekundu. Miaka yote hakukosea hata mara moja!

Siku moja mama akaleta mifuko miwili mipya kutoka depo, duka la jumla. Haikuwa na majina. Muuzaji alikuwa ameandika tu kwa kalamu, mmoja Na₂CO₃, mwingine NaHCO₃.

Jamani, moyo wangu uliruka! Fomula! Ndani ya nyumba yetu! Nikasema leo watajua kwamba nasoma kweli. Nikatupa yale makopo ya zamani, nikatafuta mapya mawili yanayofanana kabisa, nikakata vibandiko, nikachukua na kalamu nyekundu. Nyumba ikawa laboratware, maabara kabisa!

Ipi sasa ni bikarbonate? Nilifikiri sekunde tatu. "Bi" maana yake mbili. Fomula yenye mbili ni Na₂CO₃. Basi ndiyo hiyo! Nikajipigia makofi peke yangu, naapa. Ile NaHCO₃ nikaipeleka kwenye kufulia.

Prof alikuwa ametufundisha hayo majina mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa nachora jina la kijana fulani pembeni ya daftari, na maua kuzunguka.

Na kesho yake ndiyo siku wageni kutoka Luvungi walikuwa wanakuja kumuomba Neema awe mke wa kijana wao! Asubuhi mama mukubwa akaanza kukanda. Nikamwonyesha kopo nililoandika "bikarbonate", akachukua ule unga mweupe, akausugua kati ya vidole, akasimama.

"Weye mutoto, hii haiko kama ile ya siku zote. Iko inawasha vidole."

"Mama mukubwa, unabishana na sayansi? Angalia kibandiko!"

"Minye najua kusoma?"

"Basi niamini."

Akaniamini. Hapo ndipo panaponichoma hadi leo!

Mandazi yalitoka ya njano, njano ya kushangaza. Nikasema yameiva vizuri. Wageni wakafika, suti, vitenge, salamu ndefu. Baba mukwe, mwanaume mkubwa wa kujaza mlango, ndiye aliyepewa la kwanza. Akauma. Macho yakamtoka. Lakini ni mtu wa heshima, akatafuna. Akatafuna tena. Akameza, nikaona shingo inahangaika.

"Mama," akasema polepole, "hii mandazi iko inanifua mudomo."

Ee Mungu! Mmoja akakohoa, mwingine akatoa leso, wa tatu akakimbilia uani kutema. Mama akamgeukia dada yake mbele ya watu wote.

"Yaya, umetia sabuni?"

Mama mukubwa aliangalia mikono yake, juu na chini. "Labda nimezeeka," akasema. "Labda mikono imesahau."

Na minye? Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sinia mkononi. Nilishajua kuna kitu kwenye yale makopo. Nilijua! Nikanyamaza. Tena si kunyamaza tu, nilimfuata jikoni nikamshika bega, nikamwambia, "Pole, mama mukubwa." Nilimpa pole ya kosa langu mwenyewe!

Wageni waliondoka mapema, wakisema watapiga simu. Wiki mbili, simu kimya. Neema alilala na telefone kwenye mto. Bandarini habari zilishafika, watu wakayaita "mandazi ya kufua", na mama mukubwa hakwenda tena kukaanga. Siku moja akafunga kitenge chake akaenda Runingu kwa kaka yake kulima.

"Huko mihogo haihitaji kuumuka," akasema.

Wakati huo wote mama alikuwa analalamika kwamba mashuka yamekataa kung'aa. Nilijifanya sisikii.

Halafu prof akaniita ubaoni. "Andika hidrojenokarbonate ya sodiumu, ile wamama wanaita bikarbonate."

Nilitembea kama waziri, maana moyoni nilishamtupia muuzaji lawama kwamba alichanganya mifuko! Nikaandika Na₂CO₃, herufi kubwa, nzuri. Darasa likaangua kicheko.

"Na H umeipeleka wapi?" prof akauliza. "Umeikula?"

Akachukua chaki. Akaonyesha kwamba karbonate ina chaji mbili hasi, na ayoni ya sodiumu ina moja tu chanya, kwa hiyo zinahitajika sodiumu mbili. Hiyo ndiyo Na₂CO₃, soda ya kufulia. Lakini H ikishajiunga na karbonate, inafuta chaji moja. Inabaki moja, na sodiumu moja inatosha. NaHCO₃. "Hiyo 'bi' ni jina la zamani," akasema. "Haihesabu sodiumu."

Nilianza kucheka. Nikacheka mpaka machozi, kisha machozi yakawa machozi ya kweli, na mdomo ukasema wenyewe, "Prof, niliwalisha wakwe soda ya kufulia!" Darasa lilipasuka! Prof mwenyewe alikaa juu ya meza akitafuta pumzi.

Jumamosi nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Runingu. Nilimkuta mama mukubwa shambani na jembe. Nikapiga magoti kwenye matope.

"Mama mukubwa, mikono yako haikusahau kitu. Ni minye niliyebadilisha unga."

Nikamweleza yote, nikichora kwa kijiti ardhini. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ile unga ilikuwa inawasha kweli?"

"Ndiyo."

"Na weye ukanyamaza mbele ya wakwe?"

"Ndiyo, mama mukubwa."

Alinitazama sana. Ningefurahi anipige kofi. "Mandazi kuharibika si kitu," akasema. "Ile pole yako ndiyo inaniuma. Minye nilikushukuru."

Nilitaka ardhi inimeze! Lakini ghafla midomo yake ikaanza kutetemeka. "Ila yule baba! Eti inamufua mudomo!" Akacheka mpaka akaangusha jembe, akakaa chini kati ya mihogo, na minye nikaanguka pembeni yake, tukashikana, tukacheka kama wendawazimu.

Kisha akafuta macho na kutoa hukumu. "Utasema kwa mudomo yako, kwa kila mutu aliyenicheka."

Tulianza na Luvungi. Neema akapiga simu, akaweka sauti ya juu, nikaungama. Baba mukwe akacheka hadi simu ikakwaruza. "Kumbe! Sisi tulifikiri hamututaki! Tulifikiri mumetufukuza kwa adabu!" Neema aliruka juu ya kiti!

Mama mukubwa akarudi kukaanga, na bandarini nilisimama kando ya karai lake wiki nzima kabla ya masomo, nikipaza sauti kwamba kosa lilikuwa langu. Wabeba mizigo hawakunihurumia. "Mademwazeli, fomula kwanza!" Nisipotaja, hawanunui. Sasa wanaijua kuliko nusu ya darasa letu!

Lakini si yote yalirudi. Nafasi ya mama mukubwa karibu na boti ilichukuliwa na mama mwingine, na hairudishwi. Sasa anakaangia nyuma, kwenye moshi wa malori, na kila nikimwona anakohoa huko najua ni nani aliyempeleka.

Ndugu zangu, msiwe kama minye! Mtu aliyefanya kazi miaka akikuambia unga unawasha vidole, weka kalamu chini usikilize. Na ukikosea, sema palepale, watu wakiwa bado wanatema. Ukichelewa, yule uliyemuumiza atakushukuru kwa pole yako, na utabaki umesimama hapo, huna hata pa kuweka macho!