Chambo cha Mama Mzazi

Ukitaka kumkasirisha Kingori, mwambie ati chambo ni chakula tu. Ataweka kikombe chake cha chai chini, akutazame kana kwamba umemtukana, kisha akuulize: "Wewe ukiwekewa sahani ya githeri katikati ya barabara, utaketi ule?" Kwa Kingori chambo ni mwaliko, na mwaliko una adabu yake. Mgeni haitwi kwa kelele. Haitwi na upepo ukimpelekea harufu ya sabuni yako. Na haitwi kwa kitu kinachomkumbusha mahali alipoumizwa.

Alifunzwa na baba yake, mwindaji wa zamani, huko juu ya Mweiga, pale mashamba yanapoishia na msitu wa Nyandarua kuanza. Uwindaji ulipigwa marufuku kitambo, naye Kingori hakuwahi kuishi kwa nyama ya porini, lakini elimu haikufa na mzee. Siku hizi watu wa wanyamapori humwita mnyama akiumia. Nguruwe mwitu humtoa kwa viazi vilivyoanza kuoza. Pongo, yule swala wa msituni mwenye madoa meupe ubavuni, humwita kwa chumvi ya ng'ombe, akiimwaga kidogo juu ya jiwe na kuondoka asigeuke nyuma. Hurusha majivu hewani kwanza aone upepo unaelekea wapi. Basi daktari hupata nafasi ya kumpiga mnyama sindano ya usingizi, akamtibu, akamwacha aende zake.

Mwaka huu mwezi wa saba, baridi ile ya kukaza mifupa ilipofika na ukungu ukawa hauondoki hadi saa nne, mkewe Njoki alikuwa wa kwanza kuona. Alikuwa mlangoni pa jikoni akimwaga maji.

"Kingori! Njoo polepole. Huyu amevaa nini shingoni?"

Alikuwa pongo jike, amesimama nyuma ya nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe. Waya wa mtego ulikuwa umemkaba shingo, kipande kimening'inia. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Aliyeutega alitaka dume la nyama, akampata mama. Maana kiwele chake kilikuwa kimejaa. Mahali fulani kichakani palikuwa na mtoto aliyefichwa, akingoja kunyonya.

"Ana mtoto," Njoki alisema.

Daktari aliyekuja anaitwa Kafia, binti wa mfanyabiashara wa mifugo kule Nanyuki, mpole wa maneno na mwepesi wa mikono. Alimtazama yule pongo kwa darubini muda mrefu.

"Mzee Kingori, waya umeshaingia kwenye nyama. Siku chache tu hivi, hataweza kumeza. Akifa, na mtoto atakufa. Lakini kwa ukungu huu siwezi kumpiga kutoka mbali. Nikikosa mara moja, hatarudi tena. Mleteni karibu na ua wa shamba, na asimame atulie."

"Nitakuletea, daktari," Kingori akasema, kama mtu anayeahidi kuleta mbuzi kutoka zizini.

Akaanza na chumvi. Alfajiri pongo akaja, akanyoosha shingo ile yenye maumivu, akanusa. Ghafla akabweka kama mbwa, akainua mkia, akapotea. Kingori akashika kichwa. Yeye na Kafia waliingia msituni kwa mahali mto ulipobomoa ua wa stima unaozunguka msitu, na hawakuenda mbali wakaona mtego mwingine, waya umefungwa kwa mti, na chini yake chumvi imemwagwa.

"Alaa! Kumbe ni hii." Kingori aliukata ule waya kwa hasira. "Mtu ameuharibu mwaliko. Huyu mama hatakubali chumvi tena maishani mwake."

Siku ya pili akaweka marando ya viazi vitamu, mabichi, yenye umande. Pongo hakuyagusa; aliyekuja ni ng'ombe wa jirani yao Mwai, aliyekata kamba akala yote. Siku ya tatu akapaka molasi kwenye majani. Ng'ombe yule yule. Mwai alisimama kwa ua akicheka hadi kofia ikamtoka.

"Kingori, haki umenisaidia! Sasa huyu akikataa nepia nimlete kwako?"

"Ondoka hapa na ng'ombe wako mlafi."

Lakini Kingori hakuwa na mzaha moyoni. Asubuhi ile pongo alikuwa amekuja akiyumba. Alisimama mbali, akafungua mdomo, akaufunga. Halafu akageuza kichwa kuelekea upande mmoja tu wa shamba, akatazama huko kwa muda, akarudi alikotoka. Kafia alianza kukunja vitu vyake taratibu, na Kingori hakuweza kumtazama usoni.

Sasa niwaambie jambo moja. Kingori alijua pongo alitazama wapi. Alijua tangu siku ya kwanza. Kule mwisho wa shamba palikuwa na mistari ya njahi ya Njoki, yale maharagwe meusi, imetambaa juu ya miti, maua yake yananukia, maganda mabichi yamejaa. Njoki alikuwa ameizungushia matawi ya miiba, na mahali miiba ilipoachana majani yalikuwa yameng'atwa. Mwindaji yeyote angeona. Chambo kilikuwepo. Kilichokosekana ni mdomo wa kukiomba.

Huku kwetu mwanamke akijifungua hupelekewa njahi. Wanawake humpikia, wakamsimamia ale, apate damu na maziwa. Njoki hupanda njahi kila mvua ndefu, na kwa kijiji kizima hakuna mama mzazi ambaye hajala njahi ya Njoki. Mtoto akizaliwa leo, kesho Njoki yuko njiani na sufuria yake imefunikwa kwa kitambaa. Ila mwenyewe haionji. Haionji hata kujua kama chumvi imekolea. Ujanani alizaa msichana, wakampa jina la mama yake Kingori kama ilivyo desturi, wakamwita Kabura. Kabura hakumaliza juma. Wanawake waliokuwa wakija na njahi walikutana na habari njiani, wakarudi na sufuria zao. Hawakuwa na ubaya, maskini. Hawakujua njahi hupelekwaje kwa mama asiye na mtoto. Kingori na Njoki hawakupata mtoto mwingine. Na ndiyo sababu, wakati wanawake wote wa huku huwaita waume zao Baba fulani, kwa jina la mtoto, Njoki humwita mumewe Kingori tu. Jina la Kabura halijatajwa katika nyumba ile tangu hapo. Kila mmoja alidhani anamkinga mwenzake.

Basi ungekuwa wewe, ungeanzaje? Ungemwambia vipi mwanamke kama huyo, nipe njahi yako nimpe mnyama aliyezaa?

Mchana ule Kingori aliketi jikoni bila kuvua kofia. Njoki alimwekea chai. Akasimama akimtazama.

"Umempa chumvi," alisema. "Umempa marando. Umempa vitu vitamu vya ng'ombe. Kingori, huyo ni mzazi. Mzazi hupewa nini?"

Kingori akainamisha macho.

"Nakuuliza."

"Njahi," akasema kwa sauti ndogo.

"Na ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa ulikuwa unangoja nini, afe?"

"Niliogopa, Njoki." Aliuondoa ule mkono wake mkubwa kutoka kwa kikombe, hakujua auweke wapi. "Niliogopa kukuumiza."

Njoki alikaa kwenye kigoda kando yake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, na hakuonekana kukasirika hata kidogo.

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," akasema. "Huyo akimpoteza wake nikiwa na shamba zima la njahi, nitalala vipi? Mwambie daktari asiondoke. Na wewe usiiguse. Mzazi hapelekewi njahi na mwanamume."

Kulipopambazuka alikwenda mwenyewe. Alikuwa hajaoga kwa sabuni, kama Kingori alivyomwagiza, na alivaa koti lake la kazi, lile ambalo pongo alizoea kuliona mlangoni pa jikoni. Aliondoa matawi ya miiba kwa mikono. Alichuma njahi yenye maua na maganda, mafungu manono, akayapanga karibu na ule ua wa shamba, wa miti ya kaiyaba, ambako Kafia alijificha, kisha akaondoka bila kugeuka nyuma. Kingori alirusha majivu. Yalirudi kwake. Vizuri. Mwai alikuwa amemfunga ng'ombe wake kwa kamba mbili na kuketi karibu naye, hacheki tena.

Walingoja. Ukungu ulisogea, ukatulia.

Pongo alitoka kwenye nepia. Hatua, akasimama. Hatua nyingine. Akanusa fungu la kwanza, akavuta ua moja taratibu, akatafuna kwa shida, akameza. Akavuta jingine. Alipofika fungu la tatu alikuwa amesahau dunia, anakula kama mama aliyenyimwa. Bunduki ya sindano ilitoa sauti ndogo tu, puf. Aliruka, akakimbia kidogo, miguu ikalegea, akalala.

Kafia alikata waya akiutoa kwenye nyama kidogo kidogo, akasafisha kidonda, akakitia dawa. Njoki alipiga magoti matopeni, akamfunika macho kwa leso yake, akamshikia kichwa.

"Pole, mama," alikuwa akimwambia. "Pole. Sasa hivi utakwenda kwa mtoto."

Sindano ya kumwamsha ilipoingia walirudi nyuma wote. Pongo aliinuka akiyumba, akasimama, akatikisa kichwa kilichokuwa huru. Aliingia kichakani. Wakasikia kilio chembamba, mara moja, kisha kimya, na mkia mdogo mweupe ukaonekana ukitikisika chini ya tumbo lake.

"Ananyonya," Kafia akasema. "Alhamdulillahi. Mama, ataishi."

Kingori alilia mbele ya Mwai na hakujali.

Daktari alipokwisha kunywa chai na kuondoka, Njoki alichukua kikapu akarudi kwenye njahi yake. Kingori alimwona akichuma, akafikiri labda kuna mtu amejifungua kijijini. Njoki aliambua, akaosha, akabandika sufuria, akakaa nayo mchana kutwa akichochea kuni, ndizi mbivu zikapondwa ndani kama inavyopikwa kwa mzazi.

"Unampelekea nani?" Kingori akauliza.

Njoki alipakua sahani mbili. Moja akamwekea mumewe, nyingine akaiweka mapajani mwake. Alichota kijiko, akakitazama, akakitia mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Imepungua chumvi," alisema mwishowe, na akachota tena. Kisha alimsogezea mumewe sahani yake karibu. "Kula, Baba Kabura. Inapoa."