Tanga Lenye Homa

Juzi nilikuwa Karungu na mdogo wangu Akinyi, tukinunua samaki ufuoni, tukamwona mvuvi akilirushia maji tanga la mashua yake kwa kopo. Nilisimama. Harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa na mbao zilizolowa ikanirudisha utotoni.

Alasiri moja, Akinyi akiwa bado mtoto wa mgongoni, tulikuwa nyumbani, na homa ilikuwa imempanda sana. Baba alitupakia katika mashua yake ndogo tuvuke ghuba kwenda zahanati. Katikati ya maji upepo ukalegea. Tanga, alilolishona mwenyewe kwa magunia ya unga, likaning'inia tu kama nguo kwenye kamba. Mama alikuwa akimpangusa Akinyi kwa kitambaa chenye maji. Baba naye akachota maji ya ziwa kwa kopo, akaanza kulimwagia tanga.

"Baba, kwani tanga pia linaumwa?" niliuliza.

Hakucheka. "Lina homa kali. Nisaidie kulipoza."

Nikamwaga kwa viganja mpaka mikono ikauma. Tanga likajaa taratibu, mashua ikaanza kunong'ona majini, nami nikaamini tumeliponya.

Sasa najua kwamba kitambaa kikilowa matundu yake huziba, kikashika hata upepo mdogo. Baba alilijua hilo, na katika hofu yake yote alikumbuka kunipa kazi ili nisiogope.

"Mbona analowesha tanga?" Akinyi aliniuliza juzi, kapu la samaki kichwani.

"Lina homa," nikamwambia. "Litapona."