Krismasi Mdomoni mwa Shimo

Tulihamia Masara kutoka Magunga katikati ya miaka ya tisini, baba alipotumwa kuwa katekista wa kigango kidogo kilichozungukwa na mashimo ya dhahabu. Magunga Desemba ilikuwa na hofu yake, nyati waliotoka mbugani wakaingia kwenye mahindi. Lakini nyati unamwona akija. Masara kilichoogopwa kilikuwa chini ya miguu yetu, na Desemba ndio mwezi ambao watu waliacha kukiogopa.

Wachimbaji wanapofuata mkanda wa mawe yenye dhahabu ardhini, hawachimbi yote. Huacha kipande cha mwamba kimesimama katikati, kishikilie paa. Hiyo ndiyo nguzo. Mkanda hupita ndani ya nguzo pia, kwa hiyo kila mtu anajua kwamba dhahabu ipo pale, karibu, bila kutafuta. Mwaka mzima hakuna anayeigusa. Kisha Krismasi inakaribia, watoto wanataka nguo, wageni wanakuja kutoka Kisumu na Nairobi, na mtu anashuka akisema anamega kidogo tu. Kesho yake mwenzake naye anamega kidogo.

Baba alikuwa na desturi ya kuombea wachimbaji kila asubuhi kabla hawajashuka. Walivua kofia, wakasimama kuzunguka shimo, yeye akaomba kwa ufupi, wakashuka mmoja mmoja kwa kamba, wakikanyaga vidato vilivyochongwa ukutani. Wiki ya kwanza ya Majilio alifika akasikia wanachozungumza. Akakunja mikono nyuma.

"Leo siombi," alisema. "Kama mnakwenda kumega nguzo, siwezi kumwomba Mungu ashike paa huku ninyi mnaliangusha."

Wengine walitazama chini. Aliyemjibu ni baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye ndiye aliyetutangulia Masara.

"Omera, ndugu yangu, hilo jiwe limekaa hapo tangu Adamu. Litaanguka mwaka huu kwa sababu wewe umekuja?"

"Ngojeni Krismasi ipite. Majilio ni wakati wa kujitayarisha."

"Na mimi ninajitayarisha! Au unataka watoto wangu wavae Majilio?"

Wanaume walicheka, hata wale waliokuwa wametazama chini. Baba mdogo akashika kamba akashuka bila kuombewa, na wenzake wakamfuata.

Jumapili za Majilio baba aliwasha mshumaa mmoja, kisha miwili, kisha mitatu, na kila Jumapili mabenchi ya wanaume yalikuwa matupu zaidi. Wake zao walikuja wamechoka, vidole vyeupe kwa vumbi la mawe waliyokuwa wakitwanga. Walisali huku wakisinzia. Baada ya ibada hawakukaa kuzungumza, walikimbilia Migori kwa fundi cherehani kabla hajafunga. Mama alijaribu kuwakusanya wapambe kanisa. Walikuja watatu. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa kuisha mwaka ule, na asubuhi njia ya kwenda kisimani ilikuwa na ufa ambao jana haukuwapo. Baba aliuruka ufa huo kila siku, na kila siku aliupima kwa unyayo wake.

Siku mbili kabla ya sikukuu kazi ilisimama. Wanaume walinyoa, kuku wakafungwa miguu, harufu ya maandazi ikatanda. Nilimwona baba akipumua kama mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi ya Krismasi padre alikuwa kwenye vigango vingine, hivyo baba ndiye aliyeongoza ibada. Kanisa lilijaa hadi nje. Mke wa baba mdogo alikaa benchi la mbele na watoto wake wanne, wote katika nguo za kitambaa kimoja cha manjano. Baada ya wimbo wa kwanza baba alifungua kitabu, akainua macho, akatazama benchi lile, na hakusoma.

"Shemeji," alisema mbele ya watu wote, "mume wako yuko wapi?"

Mama mdogo aliinamisha kichwa. "Alisema anashuka mara moja tu. Sukari imeisha na wageni wanakuja mchana."

"Ameenda na nani?"

"Sijui, shemeji."

Baba alifunga kitabu, akakiweka kwapani. "Twendeni. Krismasi tutaisalia huko."

Tulimfuata, kanisa zima, tukinyanyua nguo zetu mpya juu ya matope. Kijana wa ngoma alianza kupiga, baba akageuka akamzuia kwa kiganja. Karibu na shimo alituamuru tusimame mbali, nyuma ya vichanja vya kuanikia mawe, na asiimbe mtu wala kukanyaga kwa nguvu. Ndipo tuliposikia.

Ko. Ko. Ko.

Nyundo ilikuwa ikigonga chini kabisa. Mama mdogo aliposikia alishusha pumzi, maana yuko hai. Ikagonga tena, akajishika mdomo, maana kila pigo lilikuwa linatoka kwenye nguzo. Tulisimama hivyo, watu zaidi ya mia, tukitamani sauti ile iendelee na tukitamani iishe.

Baba alikwenda peke yake hadi ukingoni, akapiga magoti, akasoma Injili ya siku ile kuelekea ndani ya shimo, polepole, kama anayemsomea mgonjwa. Kamba ikatikisika. Kichwa cha baba mdogo kilitokea, chekundu kwa udongo. Alitutazama sisi sote.

"Yawa! Mmenifuata na kanisa lote? Sadaka pia mmekuja kuchukua?"

Hakuna aliyecheka. Maana nyundo ilikuwa bado inagonga.

"Nani yuko chini?" baba aliuliza.

"Mtu mmoja wa ng'ambo ya mpaka. Hana kwao hapa. Nimemwita, amekataa."

Tulitazamana. Hakuna benchi lililokuwa wazi kwa ajili yake, na hakuna aliyekuwa amemkosa. Baba alivua kanzu yake nyeupe, akampa mama, akashika kamba. Mama alisema, "Baba watoto," naye baba akashuka.

Nyundo ilinyamaza. Sauti mbili zilipanda hadi kwetu.

"Toka, ndugu. Ni Krismasi."

"Krismasi ya watu wenye watu, mzee. Mimi nani ananingoja?"

"Wamejaa hapo juu. Panda uwaone."

Kitu kilimwagika ndani, mchanga au mawe madogo, kwa muda mrefu kuliko tulivyoweza kuvumilia. Kisha yule mtu akatokea, wa makamo, akipepesa macho kwa jua. Baba alikuja nyuma yake. Alivaa kanzu, akamaliza ibada palepale kwa sauti ya chini, bila wimbo. Mgeni alikula kwetu, akashukuru sana, na kesho yake akaondoka kwa miguu kuelekea mpakani.

Baba hakueleza alichokiona chini. Jioni ya Krismasi tu alimwambia mama mdogo, akiwa ameshika kikombe bila kunywa, "Shemeji, nimeikumbatia ile nguzo. Mikono yangu ilikutana upande wa pili."

Mwaka mpya ulipoanza wachimbaji walirudi. Sukari ilikuwa imeliwa, nguo zilikuwa zimechafuka, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Walizunguka shimo, wakavua kofia, wakamtazama baba.

"Nitaomba," alisema, "lakini mkibaki huku juu."

Kila mmoja alingoja mwenzake ashuke kwanza. Mwishowe baba mdogo alivua viatu, kama wavuavyo wote kabla ya kushuka, akamnyoshea mkewe, aliyekuwa amemfuata hadi shimoni, avipokee.

Mama mdogo alifunga mikono kifuani.

"Shika," alisema baba mdogo.

"Sishiki."

Alibaki amesimama peku kwenye matope, viatu mkononi, akitafuta mahali pa kuviweka.