Tikiti ya Aprili Hamsini na Nne

Mwas ni baba yangu mdogo, ingawa mimi ndiye mkubwa. Cucu, nyanya yangu, alimzaa uzeeni, wakati huo mimi nikiwa na miaka minne, na baadaye nikambeba mgongoni hadi akajua kutembea. Mpaka leo akinikaripia namkumbusha ni nani alikuwa akimpangusa makamasi. Kwa hivyo aliponipigia simu mwezi wa Machi bila kunikaripia hata mara moja, nilijua kuna jambo.

Becky, mkewe, alikuwa amejifungua mvulana. Baada ya mabinti wawili waliokwisha kumpita kimo, na Mwas ana miaka hamsini na moja, jamani. Sasa, kwetu mvulana wa kwanza hatafutiwi jina. Lake ni la babake baba, na mjadala umeisha. Huyo mtoto alikuwa Kagwe hata kabla hajazaliwa. Shida ni kwamba hakuna mtu kwetu aliyekuwa amelichukua jina hilo. Babu yangu, guka Kagwe, alikuwa na wana wengine watatu wakubwa kuliko Mwas, na wote walilikwepa jina lake akiwa hai, akiona kwa macho yake. Baba yangu alimwita kaka yangu Mwaniki. Guka alikuja kumwona mtoto, akaambiwa jina, akasema ni jina zuri, akaenda zake.

Huyo Mwaniki aliyerithiwa jina alikuwa kaka mkubwa wa guka. Alifanya kazi Nairobi, na wakati wa vita vya uhuru alishikwa kwenye ule msako mkubwa wa mji mzima, akapelekwa kambini, na hakurudi. Siku hizo watu waliokamatwa walipangwa foleni na kupitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Aliyefunikwa akitikisa kichwa, wewe unapandishwa lori. Familia yetu ilishikilia kwamba ndani ya lile gunia alikuwa guka Kagwe, na kwamba alimtikisia kichwa ndugu yake wa tumbo moja.

Mwas alitaka mtoto wake aitwe inavyotakiwa. Lakini binti wa Mwaniki, tata Kanini, yaani shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki kwetu, alikuwa ametuma neno kutoka Ruiru. Jina hilo likitajwa, yeye si mtu wetu tena, na akifa tusimzike. Ubatizo ulikuwa baada ya majuma matatu, pale Witeithie anapoishi Mwas, na alikuwa tayari kusalimu amri na kutafuta jina lingine. Nikamwambia asubiri. Sikumwomba, nilimwambia.

Mimi nilifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha nguo hapa Thika, nikikagua kitambaa. Kinapita mbele yako mita baada ya mita, nawe unatafuta mahali uzi ulipokatika. Kazi hiyo humfanya mtu kuwa na kichwa kigumu. Ukiniambia kitambaa chote kimeharibika nitakuuliza, wapi? Nionyeshe. Na habari ya guka hakuna aliyewahi kunionyesha.

Kilichoniudhi zaidi ni lile neno lao, "wakati wa Imajensi". Guka alivaa gunia lini? Wakati wa Imajensi. Alivaa koti la hom-gadi, wale walinzi wa serikali ya wazungu, lini? Wakati wa Imajensi. Watu walisukumwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro lini? Ni huo huo. Ungedhani yote yalitokea Jumanne moja! Hiyo Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952 na haikuondolewa hadi Januari 1960. Hiyo ni zaidi ya miaka saba. Mtoto anazaliwa, anaota meno, anaanza shule, na ninyi bado mnasema "wakati huo".

Basi nikaishusha kalenda ya mwaka jana kutoka ukutani hapa kwangu Makongeni, nikaigeuza nyuma, nikapiga mstari katikati. Kushoto mambo ya nchi, kulia mambo ya guka. Kushoto niliandika njaa ya mihogo, 1943, na kulia nikaandika kwamba guka alioa baada yake, maana cucu alipenda kusimulia jinsi harusi yao ilivyosubiri njaa iishe. Kushoto Hali ya Hatari. Kushoto msako wa Nairobi, Jumamosi tarehe 24 Aprili 1954. Kushoto vijiji na mitaro, katikati ya mwaka huo huo. Upande wa kushoto ukajaa bila taabu, maana mambo ya nchi yameandikwa. Wa kulia ulibaki mweupe miaka kumi mizima. Nikaona aibu. Tulikuwa tumemhukumu mtu ambaye hatukujua alikuwa akiamka wapi.

Nikachukua boda hadi Gatuanyaga. Nyumba ya guka bado imesimama, na vumbi la huko limeingia hadi kwenye vitanda. Chini ya kitanda cha cucu kulikuwa na sanduku la bati ambalo baba yangu aliapa hatalifungua, na kweli alikufa bila kulifungua. Mimi sikuapa. Chini ya makoti na Biblia iliyoliwa na mchwa nilikuta kopo la majani chai, na ndani yake karatasi tatu.

Ya kwanza ilikuwa kitabu cha pasi, kile ambacho Mkikuyu wa siku hizo hakuthubutu kutembea bila kuwa nacho. Kilisema Kagwe alianza kazi kwenye shamba moja la katani upande huo huo wa Gatuanyaga mwezi wa Februari 1954, akaacha tarehe 30 Septemba.

Ya pili ilikuwa tikiti. Kwenye mashamba hayo mtu hakuajiriwa kwa mwezi wa kalenda. Alipewa kadi yenye vyumba thelathini, na kila jioni, nyapara alihesabu mafungu yake ya majani ya katani, kisha akatia alama kwenye chumba kimoja. Siku usiyokata, huna alama. Huyu nyapara, Mungu ambariki popote alipo, aliandika na tarehe. Kadi ilianza tarehe 12 Aprili 1954. Nikapitisha kidole. Ishirini na tatu, alama. Ishirini na nne, alama. Ishirini na tano Jumapili. Ishirini na sita, alama, na kuendelea hivyo hadi Mei. Nikaketi sakafuni. Guka alikuwa amekata katani mamia ya siku maishani mwake, na katika tikiti zote alizowahi kushika alihifadhi hii moja. Alijua inasema nini. Mbona basi hakumwonyesha mtu?

Karatasi ya tatu ndiyo iliyonijibu. Ilikuwa hati ya uaminifu yenye mhuri wa serikali, ya Novemba mwaka huo. Ilisema Kagwe amekuwa hom-gadi katika kijiji chao tangu mwezi wa Oktoba. Angetoa tikiti, angeulizwa na habari ya koti.

Nilitukana, sifichi. Nilikuwa nimekuja kumtoa guka akiwa msafi kama kitambaa cha kanisani, na hapo nikamkuta na koti la hom-gadi, tena kwa maandishi. Niliwaza mama zetu wakichimba mtaro na yeye amesimama juu na mkuki. Nililia kwa hasira, si kwa huruma.

Nilipompigia Mwas, yeye alifurahi. Kwake mambo yalikuwa rahisi: nimpelekee tata Kanini ile tikiti, na hati niichome hapo hapo jikoni kwa cucu. Nani angejua? Tata mwenyewe ana miaka sabini na tano, aachwe afe na amani. Nikamwambia sivyo. Nikiificha hiyo moja, na tikiti nayo inakuwa kitu cha kudanganyia. Akaniuliza kama nataka mtoto wake akose jina. Nikakata simu.

Kesho yake nilikuwa Ruiru. Tata Kanini alikuwa uani akichambua njahi, yale maharagwe meusi, kwenye ungo, na aliponiona na ile kalenda niliyoikunja kwapani alidhani nimeanza kuuza kalenda. Nilimsalimu, nikanywa chai yake, kisha nikamwambia moja kwa moja kwamba nimekuja kwa ajili ya lile jina. Hakunifukuza. Aliendelea kuchambua. Nikamwomba anisimulie tena siku za babake, kama mamake alivyomsimulia. Akasema anavyosema kila siku: babake alishikwa asubuhi ya kwanza ya msako, Jumamosi, na Jumatatu akapitishwa mbele ya gunia. Mamake alikuwa nje ya waya wa kambi. Hakuona uso, nani angeona? Lakini miezi michache baadaye Kagwe alirudi kijijini amevaa koti la hom-gadi, na kila mtu akaelewa.

Nikamwekea tikiti mkononi. Nikamweleza vyumba na alama. Nikamwonyesha Jumamosi, nikamwonyesha Jumatatu. Aliniambia nimsomee tena, polepole, nikamsomea. Kisha kabla hajasema neno, kabla moyo wangu haujabadilika, nikaweka hati juu ya tikiti nikamsomea na hiyo pia, Oktoba na kila kitu.

"Kwa hivyo koti alivaa," akasema.

"Alivaa, tata."

"Na gunia hakuvaa."

"Siku hiyo alikuwa akikata katani Gatuanyaga. Koti lilikuja miezi mitano baadaye. Ni sisi tuliochanganya."

Akanirudishia karatasi zote mbili. Nilidhani ataniambia niondoke, na nilikuwa nimejiandaa kukataa. Halafu akaanza kuniambia jambo ambalo halijawahi kusikika kwetu, na akaniambia huku akiangalia njahi.

Kijijini, mwaka wa hamsini na tano, wanawake waliruhusiwa kutoka nje ya mtaro kwa muda mfupi tu kwa siku kutafuta chakula, na siku nyingine hawakutolewa kabisa. Kwao walikuwa watatu: mamake, yeye mwenye miaka mitano, na ndugu yake mdogo aliyekuwa bado ananyonya. Karibu kila Ijumaa asubuhi walikuta kopo la unga mlangoni. Hakuna aliyeuliza lilitoka kwa nani, kwa sababu ni hom-gadi tu waliokuwa na unga, na wa ukoo wao kati yao alikuwa Kagwe peke yake. Mamake alilibeba hadi kwenye mtaro na kulimwaga, watoto wakiangalia. Alisema hawatakula bei ya baba yao.

"Yule mdogo hakufika mvua za masika," tata akasema. "Maziwa ya mama yalikauka. Na Ijumaa iliyofuata kopo lilikuja tena, na mama akamwaga tena."

Mimi sisemi guka alivaa koti ili apate unga wa watoto wa ndugu yake. Karatasi haisemi hivyo, na mimi sitaiongezea. Huenda alivaa kwa woga kama wengine wengi. Nililojua ni kwamba mwanamke mmoja alimwaga chakula kwa sababu ya gunia la Jumatatu ambalo guka hakulivaa, na bintiye aliyeona yote hayo ndiye aliyekuwa mbele yangu, mikono yake imesimama juu ya ungo.

Akanyoosha mkono akaomba nimfungulie kalenda. Hana macho mazuri, lakini aliangalia ule mstari wa katikati, akauliza ni upande gani wa guka, nikamwonyesha. Akagonga penye 1955, palipokuwa patupu.

"Andika unga," akasema. "Andika aliuleta, na andika sisi tuliumwaga."

Nilimwambia si lazima, tata, hilo ni la mamako, tuliache. Alinikata kauli.

"Andika, Ngendo. Guka wako miaka yote hiyo alipita mbele yangu hapa Ruiru na hakusema neno. Na mimi nisiseme?"

Nikaandika. Aliingoja kalamu imalize. Kisha akarudia kuchambua njahi zake, akasema nimpigie Mwas sasa hivi, nimwambie aache kuhangaika na majina. Mtoto analo lake.