Maji ya Mama Nanjala

Maji yaliyochemshwa kwenye jiko la makaa hubaki na harufu ya moshi hata yakipoa, na harufu hiyo ikinijia, popote nilipo, naingiwa na hofu. Tulikaa mtaa wa Umoja, katika vyumba viwili vilivyoongezwa nyuma ya nyumba ya mwenye ploti ile ya wapangaji wengi, na mwaka ule mifereji ya bomba ilikauka kabla hata shule hazijafungwa. Wauza maji walipita na mikokoteni, jerikeni za manjano zikigongana, na hakuna aliyejua waliyachota wapi. Mama, aliyelelewa magharibi mwa nchi ambako mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa habari, aliyachemsha yote, akayapoza na kuyamimina katika mtungi wa udongo uliokaa kwenye kona yenye kivuli. Aliufunika kwa sahani na juu ya sahani akaweka kikombe. Yeyote aliyeingia na kiu alijichotea. Majirani walisema maji matamu Umoja nzima ni ya Mama Nanjala. Nanjala ndiye mimi, na sifa hizo nilitembea nazo kifua mbele kana kwamba niliyachemsha mimi.

Kisha kipindupindu kikaingia mtaani. Mwanzoni kilikuwa habari ya mbali, halafu kikawa cha ploti ya pili kutoka kwetu. Mama aliongeza makaa, akachemsha asubuhi na jioni mpaka kuta zikatoa jasho. Mimi tumbo likinguruma tu, niliganda nilipo nikisubiri kama litanguruma tena. Lakini aliyeshikwa ni Nekesa, mdogo wangu. Aliamka akitapika na kuhara, na kufikia adhuhuri macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo lake Mama alipoifinya haikurudi chini. Baba alimbeba mgongoni mbio hadi zahanati, wauguzi wakamtundikia dripu na kumlaza. Mama alirudi kufua nguo zake zilizochafuka, akisema peke yake, "Na mimi huchemsha. Si mimi huchemsha?" Niliogopa Nekesa atakufa, na niliogopa kulisema.

Kesho yake, Mama akiwa bado anafua, alifika daktari mwanamke, mtafiti wa magonjwa ya kuambukiza. Alikuwa akizunguka nyumba za wagonjwa. Alivua viatu mlangoni, akaketi. Nilingoja atugombeze.

"Mama Nanjala, nasikia maji yako yanasifiwa," alisema. "Naomba ya kunywa."

Mama alipangusa mikono kwenye leso, akafunua mtungi, akachota. Maji yalikuwa yamepungua, hivyo kikombe kilizama na vidole vyake vikazama pamoja nacho. Daktari alikipokea kwa mikono miwili. Hakunywa. Alitoa kichupa mkobani, akajaza, akakifunga.

Kwetu, kukataa maji ya mtu ni kumkataa mwenyewe. "Daktari, umekataa maji yangu," Mama alisema polepole.

"Sijayakataa, mama. Umeyachemsha vizuri kabisa. Lakini wewe umetoka kufua nguo za mtoto, na ploti nzima inachota hapa. Moto unaua vijidudu, halafu mikono yetu inavirudisha."

Mama alitazama vidole vyake, bado vikidondosha maji. Nilimchukia yule daktari, na papo hapo nikakumbuka kwamba asubuhi nilikunywa kutoka mtungi ule ule. Baba, aliyekuwa fundi wa mabati, aliporudi kutoka zahanati aliunga kipande cha chuma kwenye kopo, kikawa kishikio kirefu kama mwiko wa ugali. Mtungi ulimwagwa, ukasuguliwa kwa dawa, na kopo likatundikwa kwenye msumari. Nekesa alirudi amekonda, akidai chapati. Daktari alikuja kumwona. Mama alimkaribisha kiti, akampa chai, lakini maji hakumpa tena.

Leo daktari ni mimi, ninayevua viatu milangoni pa watu nikiwa na vichupa mkobani. Nina maabara, nina mashine ambazo yule daktari hakuwa nazo, na bado naogopa, pengine zaidi ya wakati ule, kwa sababu sasa ninachokiogopa nimekiona kwa hadubini. Juzi mezani kwangu ziliwekwa sampuli zilizotoka Umoja. Mifereji imekauka tena, mikokoteni imerudi, na Mama, ambaye hataki kusikia habari ya kuhama, anaishi pale pale na Nekesa na mtoto wa Nekesa. Niliacha kazi ya siku hiyo nikaenda. Mtoto alikuwa akicheza, mzima. Nilipekua jikoni kama askari, nikanusa dawa ya maji, nikauliza maswali mpaka Nekesa akacheka. "Wewe kaa chini kwanza, dada."

Nilipoketi, niliomba maji. Mama alinyanyuka kwa shida, akanawa mikono kwa sabuni, akatoa lile kopo kwenye msumari, akachota bila kidole kugusa, akanimiminia kwenye gilasi. Kisha akasimama mbele yangu. Harufu ya moshi ikanipanda puani, nikakumbuka zile sampuli. Mama hakuondoka. Nikanywa yote.

"Nekesa," aliita, akipokea gilasi tupu, "daktari amekunywa."