Kioo cha Bibi

Juzi darasani mwalimu alituonesha picha ya kioo cha shaba cha Wadurotrige, kabila la Waselti walioishi kusini mwa Uingereza kabla ya Warumi kuja na hata baada yake. Picha ile nilishawahi kuiona, katika kitabu cha kaka yangu Salim, mchana ule Bibi alipofariki nyumbani kwetu Mabela.

"Wanawake wao wakizikwa na vioo," Salim aliniambia, "wasije wakasahau sura zao."

Nilikuwa mdogo, nikamwamini. Nyumba nzima ilinuka udi na kafuri, na kiyoyozi kilinguruma juu ya sauti za wanawake waliokuwa wakisoma Kurani. Nikachukua kioo kidogo alichokuwa Bibi akijitilia wanja, nikaingia chumbani alimolazwa, nikaanza kukipenyeza ndani ya sanda. Shangazi akanidaka mkono.

"We mtoto! Wafanya nini?"

Niliogopa tu kwamba Bibi angefika huko asijijue.

"Maiti hana haja na kioo, mama," akasema taratibu, akanifumbatisha kile kioo kiganjani.

Sasa najua Salim alijitungia; mwalimu anasema hakuna ajuaye kwa nini vioo vile vilizikwa. Cha Bibi bado ninacho, kwenye mtoto wa meza. Maisha yake yote hakukubali kupigwa picha. Jana nilikitazama muda mrefu, nikijaribu kuyakumbuka macho yake, pua, mdomo. Niliuona uso wangu tu. Aliyeisahau sura ya Bibi ni mimi.